Rongai: Sifa iliyobaki baada ya nomino kupotea

Kila asubuhi manamba wa matatu nambari 125 husimama mlangoni na kuita, “Tao! Tao!” Jioni mwenzake wa katikati ya jiji naye huita, “Ronga! Ronga!” Nimeisikia miito hii kwa zaidi ya miaka 20, tangu nilipohamia ng’ambo ya Mto Mbagathi. Mimi ni mkazi wa Kaunti ya Kajiado ambaye mshahara wake hutoka Nairobi. Kura yangu naipigia upande mmoja wa mto, lakini jua huniwakia upande wa pili. Wanafunzi wangu husema naishi “diaspora”. Mmoja aliwahi kuniuliza darasani kama pasipoti yangu ilikuwa imegongwa muhuri asubuhi hiyo. Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka nao.

Majuzi, hata hivyo, jina la mahali ninapoishi lilinikosesha kicheko. Wakazi wa mtaa wetu tuliitana kuamua jina la kuandikwa kwenye lango jipya. Majina yaliyopendekezwa yalikuwa matatu, yote ya Kiingereza, yote ya bustani na machweo. Mzee mmoja Mmaasai, ambaye boma lake lilikuwapo kabla ya nyumba zetu zote, alinyoosha mkono. “Mwalimu,” akaniambia, “wewe ni mtu wa lugha. Waambie hapa panaitwaje.” Nikasema panaitwa Rongai. Akatikisa kichwa. “Hiyo ni nusu. Rongai ni nyembamba. Nyembamba nini?”

Nilikosa jibu la haraka, na swali hilo halijaniachilia tangu siku hiyo.

Jina kamili la mji huu ni Ongata Rongai. Wapo wanaoliandika Ong’ata, na mzee huyo hulitamka hivyo hivyo, kwa ng’ ile ile ya ng’ombe. Kwa Kimaasai ongata ni uwanda, na rongai ni sifa ya kitu chembamba. Basi hapa ni Uwanda Mwembamba. Katika mazungumzo ya kila siku tumeitupa nomino na kuibakiza sifa yake. Kisha vijana wameikata hata hiyo sifa ikawa Ronga.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Jiji lenyewe lilipata jina kwa njia hiyo hiyo. Wamaasai waliita mahali pale Enkare Nairobi, yaani maji baridi. Reli ilipofika mwaka 1899 na kambi ya wajenzi ikageuka mji, enkare, ambayo ndiyo maji, iliachwa nje ya ramani. Likabaki Nairobi, neno la ubaridi lisilosema ni nini kilichokuwa baridi. Ngong nayo ni kipande cha Enkong’u e-Muny. Enkong’u ni jicho na pia ni chemchemi, kama vile Kiswahili kinavyosema jicho la maji. Na muny ni kifaru. Chemchemi ilibaki kwa shida katika matamshi ya wageni, kifaru akatoweka.

Msomaji anaweza kusema kwamba majina hufupishwa kila mahali kwa sababu ulimi hupenda wepesi. Ni kweli. Ila katika ukanda huu maneno hayakuwa peke yake katika kupunguzwa. Kwa mkataba wa mwaka 1904, Waingereza waliwaondoa Wamaasai katika Bonde la Ufa na kuwagawa katika hifadhi mbili, moja Laikipia na nyingine kusini. Mkataba wa 1911 ukafuta ule wa kwanza, na wale wa Laikipia wakahamishiwa kusini. Wamaasai walikwenda mahakamani mwaka 1913, wakashindwa. Uwanda wetu uko upande huo wa kusini, ndani ya eneo waliloambiwa kuwa ndilo lao.

Kisha mji ukaja na jina lake. Katika miaka ya 1950 palikuwa na machimbo ya mawe hapa, na vibanda vichache vya udongo na mabati. Watu wakapaita Kware. Wanafunzi wangu hudhani ni yule ndege, kumbe ni neno la Kiingereza la machimbo lililovishwa matamshi yetu. Jina la uwanda lilitoka kwa wafugaji, jina la kituo likatoka kwa wachimbaji. Hadi leo sehemu moja ya mji huitwa Kware, ingawa anayeishi hapo hahitaji kujua lolote kuhusu nyundo na patasi.

Baada ya uhuru ardhi ya malisho katika Kajiado iligawanywa, ikapimwa, ikauzwa kwa ekari, kisha kwa ploti. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 172,569 katika Ongata Rongai. Mimi ni mmoja wao. Nilinunua kihalali na hati ninayo. Hata hivyo, siwezi kujifanya mtazamaji katika historia hii: nomino iliyopotea katika jina ndiyo iliyopo chini ya sebule yangu.

Serikali nayo ilitoa tafsiri yake Aprili 2020. Korona ilipoingia, safari za kuingia na kutoka eneo la jiji la Nairobi zilipigwa marufuku, na mpaka uliotangazwa ukaijumuisha Ongata Rongai pamoja na Kiserian, Ngong na Kitengela. Tuliotaniwa kuwa diaspora tukafungiwa ndani pamoja na waliotutania. Jamaa zetu wa Kajiado mjini, kaunti moja na sisi, wakawa ndio walio nje.

Wanaisimu hulichukulia jina la mahali kama hati ya kumbukumbu isiyohitaji kabati. Lakini hati hiyo husomeka tu ikiwa kuna mtu anayejua lugha iliyoandikiwa. Watoto wetu wanafundishwa makao makuu ya nchi za mbali, ilhali hawaambiwi maana ya jina lililoandikwa kwenye sare zao za shule. Mwalimu anaweza kuifanya kazi hii kwa nusu saa, na mzee wa kumsaidia hayuko mbali.

Siku ile mkutanoni nilisimama, nikaeleza maana ya ongata, nikapendekeza iandikwe langoni. Kura zilipigwa, na machweo yakashinda kwa mbali. Fundi ameshaning’iniza kibao, na kwa kweli kinapendeza. Mzee yule hupita hapo na ng’ombe wake wachache kila asubuhi akitafuta majani kando ya barabara. Tunapokutana hunisalimu kwa jina langu lote, hata lile la babu yangu, bila kukata chochote.