Maradhi Yaliyojificha Tumboni mwa Farasi

Katika mwezi wa Februari, mwaka wa 1789, alikufa farasi mmoja mzee mahali paitwapo Cannons, karibu na London. Jina lake lilikuwa Eclipse, yaani kupatwa kwa jua, kwani alizaliwa mwaka wa 1764, siku ambayo jua lilipatwa. Alishindana katika mwaka wa 1769 na 1770 tu, akashinda mara 18 bila kushindwa hata mara moja. Katika baadhi ya mashindano hayo hakutokea mtu aliyethubutu kumtoa farasi wake, basi Eclipse akaipita njia yote peke yake, na watu wakitazama. Farasi wengi mno wa mbio walioko duniani leo ni wa kizazi chake. Huyo ambaye hakuna farasi aliyempita aliuawa na msokoto wa tumbo.

Pengine wewe, msomaji, hujapata kumwona farasi aliyeshikwa na msokoto. Lakini kama umekaa na punda, huenda umeona mfano wake, kwa maana tumbo la punda limeumbwa kwa namna hiyo hiyo. Mnyama huacha kula. Hugeuza shingo akautazama ubavu wake, kana kwamba aliyempiga amesimama pale. Huparura ardhi kwa kwato, hutokwa na jasho, hulala, huinuka, na maumivu yakizidi hujitupa chini akagaagaa. Yafaa ukumbuke kwamba msokoto si ugonjwa mmoja. Ni jina la maumivu, na maumivu hayo yaweza kuletwa na mambo mengi yasiyofanana.

Sababu moja ya wingi huo ni umbo lenyewe la matumbo ya farasi. Tumbo lake la chakula ni dogo, huchukua lita 8 hadi 15 tu, tena farasi hawezi kutapika. Kilichoingia hakirudi kwa mdomo. Kutoka hapo chakula husafiri katika utumbo mwembamba wenye urefu wa mita 20 au zaidi, kisha katika utumbo mpana ambao ni mkubwa sana, umekunjwa mara mbili kama mkeka wa kusafiria, na mahali fulani penye kona huwa mwembamba ghafula. Utumbo huo mpana haukufungwa imara mahali pake. Waweza kusogea, kujaa hewa, hata kujipindua. Mjenzi wa mifereji ya maji asingeisifu kazi ya namna hii.

Wakati wa Eclipse, waliowatibu farasi huko Uingereza walikuwa hasa wahunzi, wale wale waliowavisha viatu vya chuma. Dawa yao ya msokoto ilikuwa kumtoa mnyama damu, kumnywesha mafuta na madawa makali, na kumtembeza. Mara nyingi farasi alipona, kwa kuwa misokoto mingi hupoa yenyewe, na mhunzi akapata sifa na malipo. Lakini walikuwapo farasi ambao msokoto uliwarudia baada ya juma, baada ya mwezi, kila mara wakiwa wamekonda zaidi. Kwa maoni yangu, huo ndio udanganyifu mbaya wa msokoto unaorudi: kila unapoondoka, mwenye mnyama hufurahi, wala haulizi ulikwenda wapi.

Jibu lilihitaji kisu, tena kisu baada ya kifo. Huko Lyon, katika Ufaransa, Claude Bourgelat alikuwa amefungua mwaka wa 1762 shule ya kwanza ya uganga wa wanyama, na humo wanafunzi walifundishwa kupasua mizoga na kuandika walichokiona. Mmoja wa waliosoma hapo, Charles Vial de Sainbel, alikwenda Uingereza mwaka wa 1788 akitaka kuanzisha shule kama hiyo, asipate wa kumsikiliza. Eclipse alipokufa, ndiye aliyempasua, akaipima mifupa yake na viungo vyake kwa uangalifu mkubwa. Kazi hiyo ilimpa jina. Mwaka wa 1791 chuo cha uganga wa wanyama kikaanzishwa London, naye Sainbel akawa mwalimu wake wa kwanza. Hakukaa sana, alikufa mwaka wa 1793. Edward Coleman aliyeshika nafasi yake alikaa hadi 1839, lakini mafunzo ya siku zake yalikuwa ya miezi michache tu, na mwanafunzi hawezi kuyajua matumbo yote ya farasi kwa miezi michache.

Ujuzi uliendelea mahali pengine. Katika Ujerumani, Rudolf Virchow alieleza mwaka wa 1858 kwamba maradhi huanzia katika seli za mwili, na uvimbe nao hukua kutokana na seli za mwili wenyewe. Mwaka wa 1870 mwenzake katika elimu hiyo, Otto Bollinger, alionyesha jinsi minyoo inayokaa katika mishipa ya damu ya utumbo inavyoweza kuleta msokoto. Ilikuwa kweli kubwa. Minyoo hiyo iliwasumbua farasi wengi mpaka zilipopatikana dawa zenye nguvu, hasa katika miaka ya 1980.

Hata hivyo, si kila msokoto unaorudi ni wa minyoo. Wako wachache, hasa miongoni mwa farasi wazee, wenye uvimbe ndani ya matumbo. Aina moja ni uvimbe wa mafuta unaoning'inia kwa kikonyo kirefu, kama embe juu ya tawi. Si saratani, na waweza kukaa miaka bila madhara. Kisha siku moja kikonyo chajizungusha kwenye utumbo na kuunyonga, na saa chache tu hubaki za kumwokoa mnyama. Aina nyingine ni saratani yenyewe. Iitwayo limfoma huufanya ukuta wa utumbo kuwa mnene, hata chakula hakifyonzwi vema. Nyingine huuziba utumbo kidogo kidogo, na farasi akishiba hushikwa na maumivu, akifunga hupata nafuu. Kwa hiyo farasi anayekula na bado akakonda, na msokoto ukamrudia, daktari humtazama kwa mashaka.

Leo daktari huingiza mkono kwa nyuma akayapapasa matumbo, hutumia mawimbi ya sauti kuupima unene wa utumbo, na huchukua kipande kidogo cha nyama akakitazama kwa hadubini. Tangu miaka ya 1960 upasuaji wa tumbo la farasi ulianza kuwa jambo la kutumainiwa, kwa kuwa nusukaputi iliyo salama zaidi iliwezesha mnyama wa kilo 500 kulazwa chali kwa saa nyingi. Uvimbe wa kikonyo, ukiwahiwa, hukatwa, pamoja na sehemu ya utumbo iliyokufa. Lakini limfoma iliyoenea haina tiba ya kutegemewa, na daktari mwaminifu humwambia mwenye farasi hivyo.

Mifupa ya Eclipse ingalipo, imesimamishwa katika jumba la chuo kile kile cha London, katika tawi lake la Hertfordshire. Wataalamu wameipima upya na kuchunguza asili yake ya uzazi. Ni mifupa tu, mbavu zikiwa zimezunguka mahali patupu ambapo matumbo yalikuwa.