Filamu, Mjadala na Chuki ya Kikabila: Mtazamo kutoka Kimumu

Huko Kimumu, kitongoji cha Eldoret kilicho kando ya barabara ya Iten, jamii mbalimbali huishi ujirani wa mlango kwa mlango. Upande wa pili wa mji, tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa lilichomwa moto pamoja na watu waliokimbilia humo. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100 nchini. Je, filamu ina nafasi gani katika mji wenye kumbukumbu kama hizo? Makala haya yanadai kwamba nguvu yake imo katika mjadala unaoifuata, mradi mjadala huo uwe huru.

Historia yatutahadharisha. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa filamu ulioendeshwa kutoka Vugiri, Tanganyika, ulizungusha sinema kwa lori hadi Kenya na Uganda. Kitengo cha Filamu cha Makoloni, kilichoanzishwa London mwaka 1939, kilijengwa juu ya dhana ya kibaguzi kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha ziendazo kasi. Kwa hiyo msimulizi alisimama kando ya pazia akieleza maana. Hadhira ilifundishwa, haikuulizwa.

Baada ya 2008, sinema ya kuhamahama ilirudi kwa sura nyingine. Tamthilia ya televisheni *The Team*, iliyoanza kuoneshwa 2009, ilipelekwa pia mashinani, na watazamaji wakajadiliana baada ya kuitazama. Nayo filamu ya Judy Kibinge, *Something Necessary* (2013), yaweka bega kwa bega Anne, mjane anayejenga upya shamba lake, na Joseph, kijana aliyekuwa katika genge la washambulizi. Mtazamaji hulazimika kumsikiliza yule ambaye angependa kumhukumu tu.

Hata hivyo, mwongozaji wa mjadala anayeharakisha neno 'amani' humrudisha yule msimulizi wa kikoloni. Humwambia aliyefiwa maana ya msiba wake, na kulikwepa suala la ardhi na la haki.

Hapa ndipo mhakiki wa fasihi anapohitajika. Tuchukue istiari 'madoadoa', iliyotumiwa katika Bonde la Ufa kuwaita majirani uchafu wa kuondolewa. Januari 2022 ilitamkwa tena katika mkutano wa siasa Eldoret. Msemaji alikamatwa, naye akajitetea kwamba alikusudia maana nyingine. Sheria yaweza kumshtaki msemaji, lakini haiwezi kumfunza msikilizaji namna istiari inavyomgeuza mtu kuwa doa. Kazi hiyo ni yetu. Pindi taa zinapowashwa baada ya filamu, swali la kwanza lisiwe 'Tumejifunza nini?', bali 'Ni nani humu aliyewahi kuitwa hivyo, na sisi wengine tulinyamaza kwa nini?'