Kutoka Makaa hadi Umeme: Historia ya Meli za Kuchimba Kina

Usafiri wa majini hutegemea kazi ambayo abiria haioni, nayo ni kuondoa mashapo, yaani mchanga na tope vinavyotuama chini ya maji, ili vyombo vipate kina cha kupita. Ikitazamwa kutoka Buseresere, mji wa wilaya ya Chato katika ukanda wa dhahabu wa Geita, historia ya meli zinazoifanya kazi hiyo ni historia ya nishati, kwa kuwa kuinua tope na kulipeleka mbali ndiko kunakokula nguvu.

Nishati ya mwanzo ilikuwa misuli ya binadamu. Mfereji wa Suez ulipoanza kuchimbwa mwaka 1859, wakulima wa Misri walilazimishwa kuuchimba kwa mikono. Shuruti hiyo ilipokomeshwa katika miaka ya 1860, kampuni ya Borel na Lavalley ya Ufaransa ilileta mitambo ya mvuke yenye ndoo zilizofungwa kwenye mnyororo unaozunguka, ambayo kwa moto wa makaa ya mawe ilifanya sehemu kubwa ya kazi hadi mfereji ulipofunguliwa Novemba 1869.

Ndoo za namna hiyo ziliingia pia katika uchimbaji wa dhahabu, na hapa msomaji wa Geita ana sababu ya kutua. Huko Klondike, Kanada, ambako dhahabu ilipatikana katika changarawe za mabonde ya mito, mtambo unaoelea uitwao Dredge No. 4 ulijengwa mwaka 1912, ukachimba kuanzia 1913 hadi 1959 kwa umeme uliozalishwa kwa nguvu ya maji. Mitambo ya aina hiyo haikuwa na nafasi Geita, ambako dhahabu imo zaidi ndani ya miamba migumu, lakini inathibitisha kwamba kuchimba chini ya maji bila kuchoma mafuta ndani ya chombo si wazo la jana. Inathibitisha pia jambo la kusikitisha: mabonde ya Klondike yalipinduliwa yakabaki malundo ya changarawe, maana umeme huondoa moshi, hauondoi madhara ya kuchimba.

Baadaye dizeli ilitawala, pamoja na pampu za kufyonza tope kwa mabomba. Mradi wa kuboresha Bandari ya Dar es Salaam, uliozinduliwa Julai 2017 na Rais John Magufuli, mzaliwa wa Chato, ulilenga kuongeza kina hadi mita 14.5, na Tanga nako lango la bandari likachimbwa. Mwaka huohuo wa 2017 kampuni ya DEME ya Ubelgiji ilipokea Minerva na Scheldt River, meli za kuchimba zinazoweza kutumia gesi asilia iliyopozwa hadi kuwa kimiminika, na mwaka 2021 Spartacus, yenye kichwa cha kukatia miamba na injini za jumla ya kilowati 44,180, ilianza kazi Abu Qir, Misri. Gesi hiyo hupunguza sana masizi na salfa, ingawa methani inayovuja bila kuungua hupasha joto angahewa kuliko kaboni dioksidi, na kwa hiyo haistahili kuitwa safi bila masharti.

Ziwa Viktoria linadai uangalifu zaidi ya bahari, kwa sababu maji yake hunywewa na mafuta yanayomwagika hayana bahari kuu ya kuyatawanya. Kina chenyewe hubadilika: mwaka 2006 ziwa lilishuka kutokana na ukame na maji mengi kupita kiasi kufunguliwa kwenye mabwawa ya Jinja, Uganda, hata vyombo vikapata shida kufika gatini, ilhali Mei 2020 lilipanda kupita rekodi ya 1964 na kufurika fukwe. Kwa bandari ndogo kama Nyamirembe, wilayani Chato, ambako uchimbaji wowote ungefanyika karibu na ufuko, chombo kidogo chenye pampu ya umeme iliyounganishwa kwa waya na nchi kavu kingefaa kuliko meli kubwa ya dizeli, mradi mazalia ya samaki yapimwe kabla ya tope kuguswa.