Mzigo wa Noeli: kutoka melini Itungi hadi mgongoni mwa pikipiki



Wapendwa wanaparokia, tumo katika Majilio, na anayepita stendi ya Kyela siku hizi ataona maboksi yamepangwa hadi mlangoni mwa ofisi za mabasi. Jina la mpokeaji limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, na chini yake namba ya simu. Juma hili napenda tutazame nyuma kidogo, tuone watu wanaotufikishia mizigo hiyo kazi yao imebadilika namna gani.

Kabla ya injini, mzigo ulikwenda kichwani mwa mpagazi. Hata meli Chauncy Maples ya wamisionari wa Kianglikana, iliyoanza kuelea ziwani mwaka 1901, ilifika Nyasa ikiwa vipande zaidi ya elfu tatu, na sehemu ya safari hiyo vilibebwa na watu. Historia imehifadhi jina la meli. Majina ya wapagazi hayakuandikwa popote ninapojua.

Zama ambazo wazee wetu wa Itungi wanazisimulia zaidi ni zile za meli za Songea na Iringa. Milima ya Livingstone imeshuka hadi majini, na vijiji vingi vya pwani hiyo havikufikika kwa gari. Kwa hiyo mzigo wa sikukuu wa Lupingu, Manda, Liuli au Mbamba Bay ulipakiwa hapa Itungi: mchele wa Kyela, mafurushi ya nguo za watoto, sukari, na bati la yule aliyekuwa anamalizia nyumba. Penye gati meli ilifunga kamba. Pasipo gati ilisimama majini, mitumbwi ikaifuata. Mwenye mzigo alijua siku ya meli. Alishuka ufukweni, akakaa mchangani akingoja, wakati mwingine usiku kucha, maana meli zilichelewa na zote mbili zilijua kuharibika. Sisemi zama hizo zilikuwa nzuri. Kuli alibeba magunia yale yale kwa ujira mdogo, na Desemba yalikuwa mengi zaidi. Lakini king'ora kilipolia na meli kuondoka, kazi yake ilikuwa imekwisha. Hakuna aliyemfuata nyumbani kumwuliza mzigo uko wapi.

Posta nayo ilikuwa na desturi kama hiyo. Barua zetu huandikwa S.L.P., yaani sanduku, na sanduku haliji nyumbani kwako. Kadi ya Noeli ilikusubiri mjini, ukaifuata siku uliyopata nafasi. Kwa wenzetu wa Ulaya mambo yalikuwa tofauti: mtumishi wa posta alibisha hodi mlangoni, na huko Uskoti aliendelea kuleta barua hata siku yenyewe ya Noeli hadi mwaka 1965. Wao walianza na mlango, kisha wakampumzisha mtu wao. Sisi tumeanza na ufukwe na sanduku, na mlango tumeufikia juzi.

Tumeufikiaje? Kwanza kwa basi. Barabara ya lami ilipounganisha Kyela na Mbeya, na Mbeya na Dar es Salaam, mzigo wa sikukuu uliingia chini ya viti na juu ya keria. Kwa miaka mingi, kuanzia miaka ya 1990, mabasi yalikatazwa kusafiri usiku wa manane, na kwa njia ya zaidi ya kilomita 900 katazo hilo lilimlazimisha dereva alale mahali. Mwaka 2023 serikali iliruhusu mabasi kusafiri saa 24. Abiria tulifurahi, nami nilikuwa mmojawapo. Sikujiuliza wakati ule dereva atalala wapi tarehe 23 Desemba.

Kisha zikaja simu za mkononi, na kuanzia mwaka 2008 fedha zikaanza kutumwa kwa M-Pesa. Mtoto aliyeko Dar es Salaam analipia mzigo asubuhi, unapakiwa jioni, na mama yake kijijini anajua umefika kabla haujashushwa. Hapo ndipo bodaboda alipoingia. Yeye huchukua boksi stendi na kulipeleka hadi uani. Mwaka 2022 nyumba zetu nyingi ziliwekewa vibao vya namba, lakini kijana bado huelekezwa kwa mwembe na kwa duka la fulani, nayo barabara Desemba ni tope.

Zamani aliyengoja alikuwa mwenye mzigo. Leo anayengoja ni mchukuzi. Kijana mmoja wa jumuiya zetu aliniambia: "Padre, napiga simu, ananiambia yuko saluni, nisubiri kidogo. Nasubiri, na hesabu inanisubiri mimi." Wengi mnaijua hesabu: ni fedha anayodaiwa na mwenye pikipiki, kwa siku au kwa wiki. Aliye kwenye mkataba akilipa hadi mwisho, chombo kinakuwa chake. Hesabu haijui sikukuu. Mkesha wa Noeli ndio siku yenye safari nyingi, basi hawezi kuiacha, na wengine hukimbia gizani kwa mwendo ambao mama zao wasingependa kuuona.

Mwaka jana, katika misa ya mkesha, niliwaona vijana saba wamesimama nyuma ya kanisa, helmeti mikononi. Wakati wa mahubiri simu ya mmoja ikatetemeka, akatoka. Kabla ya matoleo walikuwa wamebaki wawili. Nakiri nilikasirika, nikataka kulisema jambo hilo katika matangazo. Asubuhi yake nikagundua kwamba boksi la mishumaa na hostia lililotoka Mbeya usiku ule lililetwa na mmoja wa wale waliotoka. Nililipokea kwa mlinzi, wala sikuuliza nani kalileta.

Meli bado zipo. Ile ya Mbeya II, inayobeba abiria 200 na tani 200 za mizigo, ilianza kazi mwaka 2021, na wa ng'ambo ya milima bado hushuka ufukweni kuipokea.

Kwa upande wetu, Halmashauri ya Walei imekubali mambo mawili. Mwenye mzigo wa kufika tarehe 24 aufuate mwenyewe stendi kabla ya saa kumi jioni, au aache fedha na mtu wa kuupokea nyumbani. Na misa ya mkesha mwaka huu itaanza saa nne usiku badala ya saa mbili. Wenye pikipiki nitawaomba mmoja mmoja kuhusu hesabu ya siku hiyo. Wawili nimekwisha kuonana nao, na mmoja amekubali.