Kiwewe mara ngapi?



Juzi niliombwa nipitie tafsiri ya Kiswahili ya dodoso la wagonjwa, nikakwama penye swali hili: "Mwezi uliopita umepatwa na kiwewe mara ngapi?" Kumbe waliotutangulia nao walikwama, tena kwa Kiingereza chao wenyewe.

Mwaka 1871 daktari Jacob Da Costa wa Philadelphia aliandika habari za askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani waliokuwa wakienda mbio za moyo na kukosa pumzi. Aliuita ugonjwa wa moyo. Hapakuwa na haja ya kuhesabu hofu.

Hesabu ilikuja mwaka 1980. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani ulitaka mtu awe amepatwa mara tatu ndani ya wiki tatu. Mwaka 1987 zikawa mara nne katika wiki nne, au hata mara moja, ikiwa hofu ya kupatwa tena ilidumu mwezi mzima. Mwaka 1994 idadi ikafutwa, likabaki neno "kujirudia" tu. Wagonjwa ni wale wale, lakini vipimo vimekuwa vitatu!

Na kipimo chenyewe ni mdomo wa mgonjwa. Katikati ya miaka ya 1980 Ron Norton na wenzake kule Winnipeg, Kanada, waliwagawia wanafunzi dodoso. Zaidi ya thuluthi wakajibu kwamba wamepatwa walau mara moja katika mwaka. Thuluthi! Watafiti wengine walipowahoji watu ana kwa ana, au kuwaeleza kwanza kiwewe hasa ni kitu gani, idadi ikashuka sana. Wengine wakawapa wagonjwa daftari waandike papo hapo kila kinapowapata. Hapo ikaonekana kwamba anayeulizwa baadaye huelekea kutaja mara nyingi kuliko zilizomo daftarini. Binafsi sioni kuwa ni uongo. Jambo la kutisha hujaa kumbukumbu.

Sasa turudi kwetu. Bibi wa Lamu au Maskati hatakwambia "nimepata kiwewe". Atasema moyo unamwenda mbio, au presha imepanda, na pengine kuna kitu kimempanda kichwani. Nikiandika "kiwewe" atajibu "sijapata", naye jana usiku hakulala. Nikiandika "moyo kwenda mbio" nitamhesabu hata aliyepanda ngazi.

Kwa sasa nimeorodhesha dalili moja moja, na neno nimeliacha wazi. "Kihoro" je? Au lina msiba mno ndani yake? Nangojea maoni yenu kabla sijalirudisha dodoso.