Pembe ya Nne (Sehemu ya Tatu)

ILIPOISHIA: Dereva wa kreni aliporudi Kibokoni kutoka zamu ya usiku, alimkuta babu yake, kuli mstaafu, ameketi barazani na furushi lililofungwa kwa gazeti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Fungua hilo."

Ndani mlikuwa na chuma kizito chenye grisi: shingo nene, na juu yake kichwa kilichochongoka.

"Kufuli ya kontena tu hii," kijana akasema.

"Tu?" Mzee akacheka bila furaha. "Hiyo ndiyo iliyonitoa bandarini, mjukuu wangu. Tulikuwa genge zima ndani ya tumbo la meli, magunia ya kahawa mabegani. Mwaka 1955 tukagoma, Kilindini ikanyamaza, hadi Tom Mboya akaja kututetea na mshahara ukapanda. Tukadhani tumeshinda."

Kichochoroni mkokoteni wa madumu ya maji ukapita. "Simile! Simile!" Mzee akaungoja upite.

Asichokijua wakati ule ni kwamba, tarehe 26 Aprili 1956, Mmarekani Malcom McLean angepakia makontena 58 juu ya meli Ideal X kutoka Newark kwenda Houston. Sanduku peke yake lisingefika mbali. Fundi wake, Keith Tantlinger, ndiye aliyebuni pembe za chuma zenye tundu, na kufuli ambayo kichwa chake huingia tunduni, kikazunguka nyuzi 90, kisha hakitoki. Kreni ikishika pembe nne za juu, tani 30 zinapaa bila bega la mtu. Ubunifu huo ulilindwa kwa hataza, lakini miaka ya 1960 McLean akaruhusu dunia nzima iutumie bila malipo. Watu humsifu kwa ukarimu. Mimi naona ilikuwa hesabu kali: pembe zikiwa za aina moja kila bandari, sanduku lake lingefika popote, na kuli wa Mombasa angekosa kazi sawasawa na wa London.

"Nani aliyeileta?" kijana akauliza.

"Sikumwona. Nimeikuta mlangoni baada ya swala ya alfajiri. Hebu igeuze."

Akaigeuza. Chini kidogo ya kichwa, mahali penye grisi nyingi zaidi, kidole chake kikazama kwenye ufa. Akapafuta kwa kanzu ya babu. Haukuwa ufa. Ulikuwa mkato wa msumeno, ulionyooka, umekula zaidi ya nusu ya shingo.

Kufuli ya namna hiyo bado huzunguka. Ndani ya kibanda cha dereva taa ingewaka kuonyesha kwamba pembe zote zimefunga, kwa kuwa taa huhesabu mzunguko, haipimi nguvu ya chuma.

Kwenye ukingo wa gazeti palikuwa na maandishi ya kalamu: *Hii ni ya mfano. Nyingine iko kwenye kreni yako, pembe ya nne.*

Akaitoa simu, vidole vikiteleza kwa grisi. Mwenzake aliyempokea zamu akaitika mara ya kwanza tu, upepo ukivuma nyuma yake.

"Kaka, usinyanyue kitu!"

"Umechelewa. Futi 40 iko hewani, na vijana wote wako chini yake."

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO