Kidonda Kisichoua

Kidonda cha konea hakiui. Huanza kwa mkwaruzo wa jani la shambani, au kwa lenzi iliyolala jichoni usiku kucha. Bakteria au kuvu hupenya, na kioo cha mbele cha jicho, ambacho kazi yake yote ni uangavu, huingia ukungu. Kikipona huacha kovu. Kikicheleweshwa, konea huweza kutoboka. Mtu huishi, ila haoni. Na kwa kuwa huishi, maradhi yake yalichelewa kupata nafasi katika daftari la mataifa.

Daftari hilo lilianza kwa wafu. Mwaka 1662 John Graunt alizichambua orodha za vifo za London. Katika karne ya 19 William Farr alilalamika kwamba ugonjwa mmoja uliitwa kwa majina matatu au manne, na jina moja likabebeshwa magonjwa mengi. Mwaka 1893, mjini Chicago, Mfaransa Jacques Bertillon aliwasilisha mpangilio wa sababu za vifo, na mkutano wa Paris wa mwaka 1900 ukaufanya kuwa jambo la mataifa. Swali la mpangilio huo lilikuwa moja: huyu kafa kwa nini? Aliyepoteza jicho hakuwa na jibu la kutoa. Ni toleo la 6, la mwaka 1948, chini ya Shirika la Afya Duniani, lililoyaingiza kikamilifu maradhi ya walio hai. Katika toleo la 10, lililoidhinishwa mwaka 1990, macho yalipewa sura yao wenyewe badala ya kupanga ndani ya sura ya mishipa ya fahamu. Kidonda cha konea kikaandikwa H16.0.

Nchini Marekani hesabu ilikutana na fedha. Medicare, bima ya umma ya wazee iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965, ilianza mwaka 1983 kuzilipa hospitali kwa makundi ya magonjwa. Kuanzia Aprili 1989 madaktari nao walitakiwa kuweka msimbo wa ugonjwa katika hati za madai. Namba iliyobuniwa ili kuhesabu ikawa ufunguo wa kasha.

Ufunguo huo ulichongwa upya tarehe 1 Oktoba 2015, Marekani ilipoanza kutumia toleo lake la mpangilio wa 10. Msimbo wa zamani, 370.00, haukutaja ni jicho lipi. Sasa H16.011 ni kidonda cha katikati ya konea ya kulia, na H16.012 ni cha kushoto. Asiyetaja upande huweza kurudishiwa hati yake bila malipo.

Lakini msimbo huo, wenye kujua upande, mara nyingi haumjui adui. Kidonda cha kuvu kina namba yake, H16.06, virusi vya hepesi vina B00.52, ameba ina B60.13. Bakteria hawana namba yao katika kundi la H16, na aliyewagundua hulazimika kuwaongeza kwa msimbo wa pili. Tena kanuni za wagonjwa wasiolazwa zinakataza kuandika kama ugonjwa kile kinachoshukiwa tu. Daktari hukwangua konea, kazi yenye namba yake ya malipo, 65430, akapeleka sampuli maabara, na dawa ya matone huanza siku hiyohiyo kwa sababu kusubiri kwaweza kuligharimu jicho. Jibu la maabara huja baada ya siku kadhaa. La kuvu huchelewa zaidi. Hati ya madai ikiwa imekwisha kwenda, na asipatikane wa kuirekebisha, taifa hubaki na kidonda kisicho na chanzo.

Hapo ndipo hasara ilipo. Atakayetaka kujua kesho ni macho mangapi yaliyoharibiwa na kuvu, ili dawa yake ipatikane mapema, atalikuta daftari lililojaa kulia na kushoto.

Kiswahili nacho kina daftari lake: vikope, chamba, chongo. Vikope ni maradhi yenyewe. Chamba ni weupe uliofunika mboni. Chongo ni jicho lililokwisha kupotea. Majina hayo hayamlipi mtu wala hayataji upande. Yanataja mwenye jicho amefikia wapi, na jambo hilo ndilo ambalo hati ya madai haikuundwa kuliuliza.